Sanamu Shambani na Kumbukumbu Kichwani mwa Kima

Kila anayelima huku pwani ya Kenya, kuanzia Msabaha hadi Gede, anajua kwamba sanamu la kutishia wanyama halidumu. Halivunjiki wala halianguki, bali huzoewa. Siku za mwanzo kima hulitazama kutoka juu ya mwembe, wakapiga kelele, wakarudi msituni. Muda ukipita utawakuta wamekaa chini yake wanamenya mahindi. Nimewahi kumwona dume mmoja ameegemea mkono wa sanamu huku anakula, na shati nililolivisha linampigapiga usoni kwa upepo wa kusi, wala hajali.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na kwa miaka mingi nimelima shamba la familia ya mume wangu upande wa Msabaha, kule msitu wa Arabuko-Sokoke unakopakana na mashamba. Tuna wavamizi wa aina tatu. Nyani huja kwa kundi na kwa nguvu, na dawa yao ni watu wengi na mbwa. Tumbili huiba upesi na kutoweka. Kima, wale wenye shingo nyeupe ambao wageni huwaona kwenye magofu ya Gede, ndio wanaonisumbua zaidi, maana wao hukaa juu ya mti wakakusoma kwanza. Mahindi yakishatia ndevu, kazi ya kuamia huanza kabla ya jua kuchomoza. Asiye na mtu wa kukaa dunguni hutegemea sanamu, debe la kupigwa, au sidii kuukuu zilizotundikwa kwenye kamba.

Majirani wana maelezo mawili kuhusu kwa nini sanamu hupoteza nguvu. Wengine husema kima ni mwerevu, ameng'amua kwamba ni uongo. Wengine husema amechoka kuogopa. Nimesoma mengi juu ya jambo hili, nimelitazama shambani misimu mingi, na ninashikilia jibu la tatu: kima amekumbuka. Kule kutojali kwake ndiko kumbukumbu yenyewe. Mtu akilielewa hili vizuri, hataitumia sanamu kama alivyokuwa akiitumia.

Nianze na yanayojulikana kuhusu seli za ubongo, maana humo ndimo nilimopata mwanga. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Charles Gross na wenzake walikuwa wakisikiliza seli moja moja katika ubongo wa makaka. Makaka si wa kwetu. Wengi wao asili yao ni Asia, lakini kizoolojia wako familia moja na kima, tumbili na nyani wetu. Watafiti walitumia elektrodi, waya mwembamba mno unaonasa mipigo midogo ya umeme ambayo seli hutoa ikifanya kazi. Sehemu waliyoichunguza ni gamba la ubongo la pembeni, upande wa chini, karibu na sikio. Wataalamu huiita korteksi ya inferotemporali. Kinachoonwa na jicho hupita vituo kadhaa kabla ya kufika hapo. Kwenye kituo cha nyuma ya kichwa seli huitikia mistari na kingo, na waliolionyesha hilo, David Hubel na Torsten Wiesel, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Gross alikuta mambo mengine. Seli moja ilikaa kimya kwa kila umbo walilolionyesha, mpaka mmoja wao alipopunga mkono mbele ya skrini, ikafyatuka. Wakaanza kukata maumbo ya karatasi, na kadiri umbo lilivyofanana na mkono wa makaka ndivyo mipigo ilivyoongezeka. Maelezo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1969 na 1972, na kwa muda mrefu wanasayansi wengi hawakuyatilia maanani. Kila ninapofika hapa darasani wanafunzi huacha kuandika. Seli moja, ndogo kuliko chembe ya vumbi, inaupenda mkono!

Sasa turudi kwenye kurudia. Mwaka 1987 makundi mawili ya Uingereza, moja la Gordon Baylis na Edmund Rolls, jingine la Malcolm Brown na wenzake, yaliripoti jambo linalofanana. Makaka akionyeshwa picha mpya, seli za eneo hili na la jirani yake hupiga kwa wingi ndani ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Akionyeshwa picha ileile tena, mipigo hupungua. Mwaka 1993 Lin Li, Earl Miller na Robert Desimone waliona kwamba karibu theluthi moja ya seli walizozipima zilizidi kunyamaza kadiri picha ngeni ilivyozidi kuzoeleka, hata pale picha nyingine zaidi ya mia zilipopita katikati. Kundi la Brown nalo lilionyesha mwaka 1998 kwamba katika eneo la jirani seli nyingine huendelea kutofautisha picha mpya na iliyokwisha kuonwa hata baada ya saa 24.

Nilipoisoma hiyo ya saa 24 nilikaa nikafikiria mashamba yetu. Kima huja alfajiri, akafukuzwa, akarudi alfajiri inayofuata. Ikiwa jamaa yake wa Asia hubakia na alama ya picha aliyoiona jana, sanamu langu linaanza kuchakaa tangu siku ya kwanza linapoonwa, kabla jua na mvua havijaligusa.

Lakini je, huo si uchovu tu? Seli imepiga sana, imechoka, sasa inapumzika. Swali hili huulizwa na wanafunzi wangu kila mwaka, na ni swali zuri, kwa sababu jibu lake lilihitaji jaribio la akili. Mwaka 2006 Hiromasa Sawamura, Guy Orban na Rufin Vogels, katika mji wa Leuven nchini Ubelgiji, walitafuta seli ambayo inaitikia picha mbili tofauti kwa nguvu ileile. Tuziite picha ya kwanza na picha ya pili. Kama kunyamaza ni uchovu wa seli, basi kuitanguliza picha yoyote kati ya hizo kungeichosha seli sawasawa, maana zote mbili huifanyisha kazi sawa. Haikuwa hivyo. Picha ya kwanza ikifuatwa na ileile ya kwanza, mipigo ilishuka sana. Picha ya kwanza ikifuatwa na ya pili, mipigo ilishuka kwa kiasi kidogo kuliko hapo, yaani seli ilibakiza nguvu kwa ajili ya kile ambacho hakijaonwa. Maana yake, sehemu kubwa ya kunyamaza huko imeshikamana na picha mahususi. Seli hainyamazi kwa vyote.

Hili kwangu ndilo kiini. Mnyama ambaye amechoka kuogopa hataogopa chochote. Kima wa Msabaha, hata awe amezoea sanamu langu kiasi gani, akiona mbwa mgeni hupanda mwembe mpaka juu kabisa. Hajapungukiwa na hofu hata kidogo. Amepunguziwa mshituko wa kitu kimoja.

Yako maelezo mengine ambayo wataalamu hujadiliana. Wapo wanaosema kwamba picha ikirudiwa, ni seli chache zinazoihusu hasa ndizo hubaki zikipiga na nyingine hujiondoa, kama baraza la kijiji: jambo jipya likitajwa kila mtu hunyanyua sauti, likirudi mara ya pili husema wenye hoja tu. Wapo wanaosema ubongo hutabiri kitakachotokea, na kinachotokea kama kilivyotabiriwa hakihitaji kelele. Naona ukweli una vipande vya yote, kutegemea eneo la ubongo na muda uliopita kati ya picha na picha.

Ushahidi ulionishawishi zaidi kwamba kunyamaza ni kumbukumbu ulitoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2018. Travis Meyer na Nicole Rust waliwafundisha makaka kusema, kwa kupeleka macho upande huu au ule, kama picha wanayoiona ni mpya au wamekwisha kuiona. Kila picha ilionyeshwa mara mbili tu, na katikati zilipita nyingine chache au nyingi. Halafu wakalinganisha majibu ya mnyama na mipigo ya seli za korteksi ya inferotemporali. Jinsi mipigo ilivyopungua, na jinsi upungufu huo ulivyofifia kadiri muda ulivyopita, vilikwenda sambamba na usahihi na usahaulifu wa mnyama mwenyewe. Seli ziliponyamaza, mnyama alijibu, "Hii naijua." Kunyamaza kulipofifia, akaanza kusahau.

Kwa hiyo dume aliyeegemea sanamu langu hakuwa jasiri. Alikuwa na kumbukumbu nzuri.

Elimu hii ingebaki vitabuni kama isingekuwa mzee wa shamba la jirani. Amekaa madunguni tangu utotoni, na hakuwahi kusoma shule. Msimu mmoja alinisimamisha njiani akaniambia, "Mwalimu, huyo mtu wako hana kazi tena. Kima keshamjua."

Nikamuuliza, "Na wewe, Mzee, mbona wanakuona kila siku na bado wanakimbia?"

"Mimi nina jiwe."

Jibu hilo fupi lilinigawia mambo mawili ambayo nilikuwa nikiyachanganya. Kuna kuizoea picha, na kuna kujifunza picha inaleta nini. Picha inayorudi bila kufuatwa na lolote hunyamazishwa. Picha inayofuatwa na jiwe, au na ndizi, huendelea kuwa na uzito hata ikionwa mara elfu. Katika ubongo, uzito huo una eneo lake pia. Mwaka 2006 Joseph Paton, Daniel Salzman na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia walichunguza amigdala, fungu la seli lililo ndani ya ubongo upande wa masikio. Makaka walionyeshwa picha, nyingine zikifuatwa na kinywaji na nyingine zikifuatwa na pumzi ya hewa ya kuudhi usoni. Seli za amigdala zilijifunza ipi ni ya heri na ipi ni ya shari, na watafiti walipobadilisha mpangilio, seli nazo zilibadilisha mwitikio wao upesi, sambamba na mnyama alivyojifunza.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho aende Gede. Kima wa magofuni huwaona watu kila siku ya Mungu, na baadhi ya wageni huwapa ndizi na njugu. Kama kurudia peke yake kungetosha, wangekuwa wanawapita watu kama wanavyoupita ukuta wa mawe. Hawafanyi hivyo. Huwaandama, huwatazama mikono, wengine huwarukia begani. Mtu kwao ni picha yenye ndizi. Halafu kima hao hao, au ndugu zao, hutoka nje ya uzio wakaingia kwenye mahindi ya watu, na mwenye shamba hushangaa kwa nini wanamsogelea badala ya kukimbia. Nasema wazi kwamba naumia nikiona mgeni analisha kima, kwa sababu anayelipa ni mkulima wa upande wa pili, na mwisho wa yote ni kima mwenyewe, atakapotegewa sumu.

Wanawake wa huku tuna jambo letu ambalo nalo nililielewa upya. Kima na tumbili hawatuogopi kama wanavyowaogopa wanaume. Ukija na leso zako na kikapu, mnyama hushuka tawi moja ili akuone vizuri. Wengine husema ni dharau. Mimi nasema ni hesabu ya haki. Mwanamke shambani anapalilia, anachuma kunde, anapita na ndoo ya maji, harushi kitu. Mwanamume mara nyingi huingia akiwa na manati au mbwa. Nilivaa shati la mume wangu na kofia yake ya ukili, na kwa muda wakakimbia. Kisha wakaacha, kwa sababu nami sikuwa na jiwe. Nikamwomba Mzee anifundishe teo. Si rahisi kuitumia teo ukiwa mtu mzima, bega huuma, lakini nilijifunza kulenga shina la mti karibu na mnyama bila kumpiga. Tangu hapo leso zangu zina maana nyingine kwa kima wa Msabaha, na hilo linanifurahisha mno.

Sanamu nalo tulilibadilishia utaratibu. Jambo la kwanza lilikuwa muda. Wengi wetu husimamisha sanamu siku ya kupanda, kwa sababu siku hiyo watu wapo shambani na kazi inaunganishwa. Lakini mahindi yanahitaji ulinzi zaidi mbegu inapochipua na yanapotia ndevu. Katikati hakuna cha kuliwa sana, na sanamu husimama wiki nyingi likiwafundisha kima kwamba si kitu. Mwaka 1966 Richard Thompson na Alden Spencer waliorodhesha tabia za kuzoea kwa wanyama, na nyingi ya tabia hizo bado zinakubalika: kadiri jambo linavyorudiwa kwa kufuatana ndivyo linavyozoewa upesi, likiondolewa kwa muda mwitikio hurudi, na jambo dhaifu huzoewa haraka kuliko kali. Tangu nilipoyachukua hayo shambani, sanamu langu hulala stoo mpaka ndevu za kwanza zitokeze. Hutoka kwa siku chache, likarudi ndani, likatoka tena kwa sura nyingine na kwenye kona nyingine.

Jambo la pili lilikuwa jiwe. Mtoto wa kaka yangu, ambaye hukaa nasi wakati wa likizo, alichekwa na wenzake kwa kazi niliyompa. Alivaa shati na kofia ya sanamu, akakaa mahali pa sanamu, mikono ameinyoosha, ametulia kabisa. Kima walishuka. Walipofika karibu aliinuka, akapiga kelele na kurusha madongoa. Alirudi nyumbani akihema, macho yamemtoka. "Shangazi, walianguka mmoja juu ya mwingine!" Baadaye tulirudisha sanamu lenyewe na nguo zilezile, na likafanya kazi kwa muda mrefu kuliko lilivyowahi kufanya. Kila lilipoanza kuzoeleka, mtoto alikaa tena.

La tatu linahusu mpangilio wa mambo, na hapa utafiti wa Travis Meyer na Carl Olson wa mwaka 2011 ulinipa wazo. Waliwaonyesha makaka picha mbilimbili kwa mpangilio uleule kwa muda mrefu, hii kisha ile. Baada ya hapo walipovunja mpangilio, picha ya pili ikaja mahali isipotarajiwa, seli za korteksi ya inferotemporali zilipiga kwa nguvu zaidi, ingawa picha yenyewe si ngeni kabisa. Kima wetu nao wanajua ratiba. Wanajua watoto huondoka dunguni wakati wa kwenda shule, na kwamba adhuhuri wanaume wengi wanaelekea msikitini au kupumzika. Wanajua debe likipigwa mtu hutokea kwenye njia ya mtoni. Basi tukaanza kupiga debe upande mmoja na mtu akatokea upande mwingine, kimya. Siku nyingine debe halipigwi kabisa. Vitu vyenyewe ni vilevile vya zamani, kilichogeuka ni mfuatano wake.

Kuna kazi iliyofanyika hapa hapa Kenya ambayo kila mwanafunzi wa biolojia nchini angepaswa kuijua. Dorothy Cheney na Robert Seyfarth waliishi na tumbili wa Amboseli tangu mwaka 1977. Wengi wamesikia kwamba walithibitisha kuwa tumbili wana milio tofauti kwa chui, kwa tai na kwa nyoka. Kilichonigusa mimi zaidi ni taarifa yao ya mwaka 1988. Walirekodi sauti ya tumbili mmoja akitangaza kwamba kundi jingine linakuja, wakaicheza tena na tena wakati hakuna kundi lolote. Wenzake wakaacha kuijali. Walipochezewa mlio mwingine wa tumbili yuleyule, wenye maana inayokaribiana, hawakuujali pia. Lakini tumbili mwingine alipotoa mlio huohuo, waligeuka kutazama. Na yule aliyepoteza kuaminiwa alipotoa mlio wa kitu tofauti kabisa, walimsikiliza. Yaani walimpunguzia imani mtu mmoja kwa habari ya aina moja. Hayo ni masikio, si macho, na elektrodi haikutumika, lakini kwangu ni ile hadithi ya Leuven imetoka maabara ikaingia porini: kunyamazisha kwa uangalifu, bila kuzima kila kitu.

Kuhusu elektrodi nina la kusema, kwa sababu wanafunzi huniuliza na ninawaheshimu kwa kuuliza. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu, na upasuaji wa kuweka vifaa hufanywa kwa dawa ya usingizi. Hata hivyo mnyama huyo anaishi maabara, hatarudi mtini. Siwezi kuyapitia matokeo haya haraka haraka kana kwamba yametoka mbinguni. Yamelipiwa na makaka, na anayeyatumia ana deni la kuyatumia kwa kitu chenye maana. Shambani kwangu maana hiyo ni rahisi kuonyesha: kima asiyetishwa vizuri huishia kwenye mtego au kwenye embe lililotiwa sumu. Nimewaona kima waliokufa kwa sumu. Sitaki kuwaona tena.

Sehemu iliyobaki ngumu haiko kichwani mwa kima, iko baina yetu. Kima hatambui mipaka ya hati za shamba. Akizoea sanamu la jirani, lenye kofia na mikono iliyonyooka, anapofika kwangu na kukuta umbo hilohilo, kazi imekwisha kabla haijaanza. Mimi ninaweza kulificha langu stoo mpaka ndevu zitokeze, lakini kama mashamba manne ya jirani yamesimamisha masanamu yao mwaka mzima, kima wamekwisha kuhitimu. Ndiyo sababu nilianza kuwaendea watu mmoja mmoja.

Mazungumzo hayo yalichukua muda. Wengine walikubali upesi, hasa waliomwona mtoto wa kaka yangu akiinuka kutoka kwenye nguo za sanamu. Wanawake wawili waliniomba niwafundishe teo, na sasa huwafundisha wenzao. Mzee wa jirani ndiye aliyeniunga mkono kwa nguvu zaidi. Aliwaambia watu kwamba baba yake hakuwa na sanamu, alikuwa na watoto wengi, na kila mtoto alitokea mahali pake.

Bado kuna mmoja ambaye hajakubali kulishusha sanamu lake. Ana sababu, na ni ya kweli: anaishi peke yake, wanawe wamekwenda Mombasa, na yeye hawezi tena kupanda dunguni. Sanamu ndilo mlinzi pekee alilo nalo, na kumwambia aliondoe ni kama kumwambia aache shamba. Nililaumu kwanza, kisha nikaona lawama haisaidii. Tulichopatana ni kwamba msimu huu, mahindi yakitia ndevu, vijana wa mashamba matatu watapokezana kukaa kwake alfajiri, mmoja wao akiwa amevaa shati lilelile la sanamu lake. Yeye ameahidi chai na mihogo ya kuchemsha. Mtoto wa kaka yangu ameshaomba zamu ya Jumamosi.